Pale Hapabebeki Mtu

Tarehe 3 Julai

Wifi yangu,

Wiki nzima unanikatia simu. Haya, nimekaa hapa stoo juu ya godoro ambalo bado liko kwenye nailoni yake, nakuandikia. Barua huwezi kuikatia njiani. Na nakujua, wewe hata kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa unakisoma mpaka mwisho, kwa hiyo hii utaisoma, hata kama ni kwa kunilaani.

Narudia nilichotaka kukwambia. Kijiko, yule mpishi wa misafara ya mlimani, alikuja kiwandani kununua godoro. Nikamhudumia vizuri, nikamtania kidogo, nikacheka. Akaniangalia mdomoni, akaona mwanya wangu, rangi ikamtoka. "Dada, wewe na Njiti mnahusianaje?" Nikamwambia Njiti ni kaka yangu, tumbo moja. Wifi, mwanamume mzima na ndevu zake alikaa chini kwenye sakafu ya stoo akalia mpaka wateja wakatoka.

Siku ile kaka yangu alipokufa, Kijiko alikuwa kambi ya juu, anaosha sufuria nje, jua limeshatoka. Aliwaona watatu wakipanda Begani, kama wanavyopaita pale chini ya kilele: Kamanda mbele kama kiongozi wao, mgeni wake, na Njiti, msaidizi wake, nyuma. Njiti akakaa kwenye jiwe. Wale wawili wakaendelea. Wakafika juu, wakapiga picha, wakarudi. Kamanda akasimama mbele ya Njiti kidogo tu, muda wa mtu kufunga kamba za viatu, kisha akashuka na mgeni wake. Hakumwinua. Hakumshika hata bega. Ile habari ya kumbeba na kuanguka naye mara tatu, aliyowaambia msibani watu wakamlilia na kumpa maji, aliitunga akiwa njiani anashuka. Kijiko na wenzake walipopanda kumfuata, kaka yangu alikuwa ameshakuwa mgumu kama ubao.

Utauliza kwa nini Kijiko alinyamaza. Ni Kamanda anayechagua nani apande naye na nani abaki mjini anapiga miayo, na Kijiko ana watoto. Nimemtukana vya kutosha, kwa hiyo wewe usihangaike kumtukana.

Sasa mtu huyo ndiye anakuja na wazee wake mwisho wa mwezi kukuposa? Ndiye mtoto wa kaka yangu amwite baba? Mama anamkalisha kwenye kiti cha Njiti, anamwita mwanangu?

Sikiliza. Kila mwaka kiwanda chetu kinapeleka wafanyakazi mlimani wakapigwe picha kileleni na bendera ya magodoro. Mwaka huu nimejiandikisha. Walicheka, mhasibu akapaliwa na chai, na mimi mwenyewe ningecheka, mwili wangu huu si unaujua. Kiongozi ni Kamanda. Hanijui. Msibani sikuja, nilikuwa wodini na uchungu wa mtoto, mji wenu huo sijawahi kukaa hata wiki, na kwenye orodha nimeandikwa kwa jina la mume wangu.

Siendi kumsukuma korongoni, ingawa wazo hilo lilinijia na likakaa sana. Naenda kumfanya anibebe. Uongo wake wote umesimama kwenye maneno matatu: "Pale hapabebeki mtu." Nitakaa pale pale alipokaa Njiti, nitasema miguu imegoma. Akinibeba, amejifunga mwenyewe mbele ya watu. Akiniacha, mtakuwa mmeshajua.

Usimwambie Mama.

Wifi yako wa magodoro


Tarehe 7 Julai

Wifi,

Nimeisoma yote, kama ulivyotaka, nikaikunja, nikaenda kufua. Nimefua mifuko ya kulalia ya kampuni mbili mpaka mikono ikababuka, na bado nina hasira.

Najibu kwa karatasi ili na wewe usinikatize, maana kukatiza ndiyo kazi yako.

Huu ni mwaka wa tatu bila Njiti. Paa lilipovuja nani alipanda juu? Mama aliposhindwa kushuka kitandani, nani alimbeba mpaka zahanati? Wewe ulituma godoro. Asante, ni zuri, Mama analilalia. Lakini godoro halimjibu mtu anapoita. Kamanda anaitika. Kila akishuka mlimani anapitia hapa kabla hata ya kwenda kwake kuoga, anamkanda Mama miguu, anamsimulia mtoto habari za barafu. Sikumpenda siku moja. Nilimkataa, nikamkataa tena. Nilipochoka kumkataa ndipo nikajikuta namngoja.

Huyo Kijiko aligombana na Kamanda msimu uliopita, mji mzima unajua. Wewe unamwamini mtu wa sufuria aliyekuja kununua godoro, humwamini mtu aliyekuja na goti linavuja damu kunirudishia mwili wa mume wangu? Kovu ninaliona kila siku.

Kama hutaki niolewe, sema, "Wifi, sitaki uolewe." Nitakuelewa. Nitakununia, lakini nitakuelewa. Usinipitishie mlimani.

Na picha yako iko ukutani hapa sebuleni, juu ya redio. Anaiangalia kila akija. Atakutambua kabla hujafunga viatu, utajiaibisha na kuniaibisha mimi.

Kaa kwenye magodoro yako.

Wifi yako, dobi


Tarehe 14 Julai, kambi ya kwanza

Wifi,

Picha ile nilipigwa nikiwa shule, nina shingo. Leo nani atanitambua? Kamanda ameniangalia usoni kwa karibu kuliko daktari na hajashtuka.

Huku mtandao haushiki, lakini barua inapita. Chakula kinavyopungua, wapagazi wanapunguzwa, na wanaoshuka wanabeba takataka na barua. Huyu aliyekuletea hii ni mpwa wa Kijiko. Mpe chai, na kama una jibu mpe yeye, atarudi na mikate.

Nimepita mjini kwenu ndani ya basi la kiwanda, kofia mpaka machoni. Niliona shati la mtoto kwenye kamba. Niliona mlango wa Mama uko wazi. Nikajikaza kisabuni, basi likapita.

Kamanda wako ni mtu wa kupendeza, sitakudanganya. Ukichoka anajua kabla hujasema. Bosi wetu wa mauzo kaja na viatu vipya vimemla visigino vyote, na Kamanda alimpigia magoti akamfunga plasta kama mama yake. Jioni anapita kwa kila mtu, anakushika mkono, anaangalia rangi ya kucha. Jana akaushika wa kwangu. "Mama wa magodoro, damu yako iko vizuri." Damu yangu! Nilitaka kumtapikia.

Halafu baada ya kula akatukusanya, wateja na wapagazi wote, akasema ana jambo la kutufundisha. Nikajua. Wifi, alisimulia kifo cha kaka yangu kama mtu anayesimulia kwa kulipwa. Anajua wapi pa kushusha sauti. Akapandisha suruali, akaonyesha goti. "Nilimpakia mgongoni, nikaanguka naye. Nikampakia tena, tukaanguka. Mara ya tatu akaniambia, 'Kaka, niache, pale hapabebeki mtu.' Kwa hiyo wageni wangu, ukichoka sema mapema, maana pale juu hata mimi sina mgongo wa kukubeba."

Umesikia? Maneno yake kamtia Njiti mdomoni. Maiti ndiyo imemsamehe.

Bosi wa mauzo akalia. Na mimi nikalia, kwa hasira, meno yanagongana. Kamanda akanipa kitambaa chake nijifute. Wapagazi walikuwa wanaangalia chini, na Kijiko, aliyerudishiwa jiko msimu huu, alikuwa anakwangua sufuria kwa nguvu hata ikabidi aambiwe aache.

Naanza kumwogopa, wifi. Mtu anayeweza kusimulia vile anaweza kuniacha pale na akapata hadithi ya pili. Lakini sirudi.

Wifi yako


Tarehe 15 Julai, kambi ya pili

Mpenzi wangu,

Nimempata kijana anayeshuka, nikasema nisikuache hivi hivi. Sisi wazima. Hali ya hewa nzuri, kundi si baya, watu wa kiwanda, wanacheka sana na kuchoka mapema. Kuna mama mmoja mnene ananikodolea macho muda wote kama fundi anayetaka kunipima suti. Mwenzake kaniambia ndiye mtunza stoo. Hasumbui, ila hacheki.

Wazee wangu wako tayari. Mjomba kanunua koti. Nikishuka nitaoga, nitanyoa, nitakuja na watu wangu wote, na wewe usijifiche jikoni kama kawaida yako. Mwambie Mama dawa ya miguu nimeipata, ile inayochoma. Mtoto mwambie namletea jiwe linalong'aa.

Nitapita Begani kama kawaida. Huwa naweka jiwe pale kwa ajili ya rafiki yangu. Safari hii nitamwambia kwamba nyumba yake iko mikononi salama.

Kamanda wako


Tarehe 17 Julai

Wifi,

Soma haraka na ushuke.

Nilikasirika sana na wewe hata nikataka nikukomeshe. Nikasema, ngoja nilitoe koti la mume wangu, nihesabu michaniko, nimwandikie huyu wifi mtu ajue kaka yake alivyobebwa. Sikuwa nimeligusa tangu lile juma. Nilipoletewa nililifua huku nimefumba macho kwa machozi, nikalikunja, nikalifungia kwenye mfuko.

Unaijua kazi yangu. Makoti yote ya mlima ule yanapita mkononi mwangu. Changarawe za pale Begani ni kama vigae. Mtu akiteleza mara moja tu, kwa makalio, kitambaa kinaachia na manyoya yanatoka, na mimi ndiye ninayeshona viraka. Naweza kukwambia mtu alianguka ubavu gani kwa kuliangalia tu koti lake.

Nimelitandika koti la Njiti mezani, na suruali yake pembeni. Viwiko safi. Mabega safi. Mgongo safi. Magoti safi. Hakuna mkwaruzo, wifi. Watu wawili waanguke mara tatu kwenye mawe yale, na goti la mmoja lipasuke, na koti la mwenzake lirudi kama limetoka dukani? Mahali pamoja tu pamesuguka, makalioni. Pale alipokalia.

Mimi! Mimi ninayewacheka wateja wakisema "niligusa ukuta kidogo tu." Nilishika koti hili kwa mikono yangu sikuliona. Na mtu yule nimempikia. Nimemfulia nguo zake za ndani. Nimemwambia mtoto amwite baba. Jana nimepata barua yake, anasema nyumba ya rafiki yake iko mikononi salama. Nilitoka nje nikatema mate mpaka mdomo ukakauka.

Sasa sikia. Shuka. Koti linatosha, huna haja ya kukaa kwenye jiwe lile. Alimwacha mtu aliyekula naye sahani moja, wewe atakuacha bila hata kugeuka. Sitaki kuzika ndugu wawili wa mlima mmoja.

Na kama barua hii imechelewa na umeshafanya, basi usimwambie wewe ni nani. Usimtukane. Usimnyooshee kidole. Najua utakavyowashwa, jikune. Mwache anyoe, avae vizuri, aje na wazee wake wakiwa wanacheka. Nitampokea mimi.

Mke wa Njiti


Tarehe 20 Julai, kambi ya chini

Wifi,

Nimebaki na mkono mmoja wa kuandikia, mwingine umeumwa na baridi, umefungwa. Vumilia mwandiko.

Barua yako ilinikuta nimeshabebwa.

Nilikuwa nimepanga kuigiza. Nilifanya hata mazoezi kule stoo, najiangusha juu ya magodoro. Lakini tulipoanza kupanda toka kambi ya juu kifua kikaanza kuchemka kama birika, na kila nikikohoa nasikia ladha ya chuma. Nilipoliona jiwe, lenye vijiwe vya kinafiki vya Kamanda juu yake, nikalikalia, na wifi, sikuweza kuinuka tena. Mwili ulikataa kuigiza, ukaumwa kweli. Niliwaza watoto wangu nikajiona mjinga wa mwisho.

Bosi wa mauzo alikuwa ameshazimia nusu, msaidizi wa Kamanda kashuka naye. Tumebaki mimi, mhasibu na dereva wa kiwanda, na Kamanda. Kilele kiko pale, unakiona kama dirisha la jirani. Mhasibu alikuwa ameshatoa bendera anaitafutia upepo.

Kamanda akaniangalia kucha. Akakiangalia kilele. Nikamwambia kwa pumzi niliyokuwa nayo, "Kiongozi, niacheni. Ulisema mwenyewe pale hapabebeki mtu."

"Nyamaza, dada. Tunza hewa."

Akavua begi lake, akanivua na langu, akayatupa. Akatoa kamba, akaipitisha chini ya mapaja yangu, akaivusha mabegani kwake, akaifunga kifuani. Hakufikiri hata kidogo, vidole vilikuwa vinajua. Akapiga goti, akainuka na mimi. Mimi, wifi! Mizani ya kiwandani inanijua. Akawaambia wale wawili wakanyage anapokanyaga yeye, akaanza kushuka.

Nataka nikwambie kitu ambacho sitamwambia mtu mwingine. Mgongoni pale nilikuwa namwomba Mungu aanguke. Aanguke hata mara moja. Tuumie wote. Kwa sababu angeanguka, basi huenda kweli alianguka na kaka yangu, na Njiti angekuwa amekufa kwa bahati mbaya, nami ningerudi nyumbani kukuomba radhi. Niliomba hivyo njia nzima.

Hakuteleza. Alikuwa anaweka mguu, anaujaribu, anaweka mwingine. Ananiambia nitaje majina ya wanangu nisilale. "Usinifie, dada, watanifungia kazi. Taja tena. Wa kwanza anaitwa nani?" Anajua kubeba, wifi. Anabeba vizuri mno. Hapo ndipo nilipomchukia kuliko siku zote za maisha yangu. Ningemng'ata shingo kama meno yasingekuwa yanagongana kwa baridi.

Tulipokaribia kambi, wapagazi wote walikuwa nje wamesimama. Kijiko alikuwa amewaita wanywe chai, kisha akanyoosha kidole juu. Hakuna aliyenywa. Wamesimama na vikombe wanatuangalia tunavyoshuka njia ile isiyobebeka mtu. Kamanda alipoona wamekodoa macho akawafokea, "Mnashangaa nini? Leteni machela!" Wakaleta. Mmoja wao, mzee, alipokuwa ananifunika, aliniuliza polepole, "Dada, kaanguka mara ngapi?" Nikatikisa kichwa.

Na mimi nilikuwa nimelifungua domo langu nimwage kila kitu pale pale, jina la baba yangu, jina la kaka yangu, yote. Ndipo mpwa wa Kijiko akanisukumia barua yako chini ya blanketi. Nimejikuna, wifi, kama ulivyosema. Nimemwambia, "Asante, kiongozi." Akanipigapiga bega.

Gari la kiwanda linanipeleka hospitali mjini kwetu. Kifua kitapona, vidole viwili vya mguu wanasema tuone. Simu yangu ilibaki kwenye begi alilolitupa. Yaliyobaki ni yako.

Wifi yako


Tarehe 21 Julai

Mpenzi,

Tumeshuka salama. Nina mambo ya ofisini leo na kesho, ndiyo sababu sijapita. Kilele hatukukifikia, upepo ulibadilika nikawageuza. Mgongo unaniuma kidogo, umri huo.

Umemtuma mtu kuniambia unataka wapagazi na wapishi wote waalikwe siku ya wazee wangu. Nimefurahi sana. Wewe ndiye mke. Hao ni watu wangu, wacha wakuone ulivyo mkarimu. Nimewaambia waje wote, na asiyekuja msimu ujao asinitafute.

Tutakuja Jumamosi mchana.

Kamanda wako


Tarehe 30 Julai

Wifi yangu,

Nasikia umekatwa kidole kimoja na kimoja kimepona. Pole, na hongera kwa kilichobaki. Nilitaka nije mwenyewe nikusimulie nikiwa nimekushika, lakini Mama hataki nitoke bado. Kwa hiyo soma.

Walikuja kama alivyosema. Kanyoa, kavaa shati jeupe nililompigia pasi mimi mwezi uliopita. Mjomba wake na koti jipya. Wapagazi wamejaa sebuleni, wengine wamesimama mlangoni na dirishani, na Kijiko kona ya redio. Mama kwenye kiti chake, miguu kwenye stuli. Kamanda kwenye kile kiti kingine. Nilimwacha akikalie.

Mjomba akaanza maneno ya posa, kwa utaratibu wake, na utani wake, watu wakacheka. Walipofika pa kunitaka niseme, nikasema nina ombi moja tu. Wazee hawa hawajawahi kusikia jinsi Kamanda alivyojaribu kumwokoa mume wangu. Naomba awasimulie kwa mdomo wake, wajue wanamposea nani na kwa nini nimekubali kumsikiliza.

Sauti yangu haikutetemeka. Nilijishangaa.

Alisimulia. Wifi, alisimulia vizuri kuliko siku zote. Akalia kwa jicho moja. Akafika kwenye goti, akapandisha suruali, mjomba wake akatikisa kichwa kwa fahari. "Akaniambia, kaka, niache, pale hapabebeki mtu." Kisha akanyamaza angoje watu wapumue.

Hakuna aliyepumua. Alikuwa amezoea wageni. Hakuwaangalia wapagazi wake, na wapagazi wake wote walikuwa wanamwangalia yeye.

Nikaingia chumbani nikaleta koti, nikalitandika mapajani kwa Mama, mgongo juu. Nikamwambia, "Mama, mimi ni dobi. Koti hili halijaanguka popote."

Kamanda akasema, "Mama Mtoto, hii ni siku ya kuleta mambo haya?"

Kijiko akasimama pale konani. Akasema, "Kamanda, na yule mama wa magodoro?"

Na yule mzee aliyekufunika akasema, "Tulikuona." Halafu mwingine. Halafu dirishani, "Tulikuona." Hakuna aliyepiga kelele.

Kamanda akaanza, safari hii njia ilikuwa kavu, safari ile ya Njiti kulikuwa na barafu, na yeye alikuwa na mgeni peke yake, na... Mama akainua mkono. Unajua mkono wa Mama ukiinuka. Akauliza, "Mama wa magodoro ni nani?"

Nikakuonyesha ukutani. "Ni huyu, Mama. Mwanao. Yuko hospitali."

Laiti ungekuwepo kuiona sura ile. Aliiangalia picha yako, aliyoiangalia miaka mitatu, kisha akaniangalia mimi, kisha akaliangalia koti, na nikaona anavyoelewa kila kitu kimoja kimoja. Nilikuwa nimengojea niione sura hiyo tangu siku ile ya koti. Nilishiba, wifi. Mungu anisamehe, nilishiba.

Mama hakupandisha sauti. Alisema, "Huyu mwanangu ni mzito kuliko kaka yake karibu mara mbili. Ulimbeba?"

"Nilimbeba, Mama."

"Kutoka wapi?"

"Begani."

"Na Njiti wangu?"

Nilidhani atasema barafu. Nilidhani atasema woga, na angesema woga, sijui, Mama ana moyo, huenda angelia naye. Lakini alichoka, au hakuwa na uongo mwingine mfukoni. Akasema, "Huyu alikuwa mteja, Mama."

Mjomba wake akasimama, akachukua kofia yake, akamwomba Mama ruhusa ya kuondoka, akatoka bila kumwangalia. Wapagazi wawili wakasogea, nikajua kinachofuata. Mama akawaambia, "Hapana. Asiguswe mtu. Chakula kiko nje, twendeni tukale. Huyu mwacheni hapo hapo alipokaa."

Tukamwinua Mama, Kijiko kwapa moja, mimi jingine. Mtoto akauliza, "Na Baba je?" Nikamshika mkono nikamtoa. Wapagazi wakatoka mmoja mmoja, wakampita kama anavyopitwa mtu aliyekaa njiani. Wa mwisho akarudishia mlango.

Tulikaa uani, tukapakua. Ndani tukamsikia anaita, "Mama." Akanyamaza, akaita tena.

Mama akaomba aongezewe chai. Hakuna aliyerudi.

Mke wa Njiti